Injini ya pikapu ya zamani inapomisi na kulipua: namna ya kumsaka mchawi

Pikapu ya zamani ya petroli ikianza kumisi (silinda kukosa kuwaka) na kulipua, mkono wa kwanza wa watu wengi huenda kwenye kabureta, inayochanganya petroli na hewa. Hufunguliwa, huoshwa, jeti (vitundu vya mafuta) hupulizwa, hufungwa tena, na gari huendelea kulipua vilevile, ila sasa hata slo (mngurumo wa bila kukanyaga mafuta) imevurugika. Nimeishi na injini za aina hii kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya ufundi, na kila anayeniletea pikapu yenye tatizo hili namwambia neno lilelile: kabureta iguse mwisho. Injini yenyewe itakuonyesha mchawi yuko wapi ukiiuliza kwa mpangilio. Kwanza sikiliza, kisha tafuta silinda yenye shida, kisha soma plagi na pima kompresheni (nguvu ya silinda kubana hewa), halafu umeme, taiming (wakati wa cheche kuruka), hewa, na mwisho kabisa mafuta.

Nazungumzia injini za petroli zenye distributa (inayogawa umeme wa cheche kwa kila plagi) na kabureta. Zile za miaka ya 1980 na 1990 zenye distributa lakini zinazotumia nozeli badala ya kabureta zinafuata njia hiyohiyo karibu yote, tofauti inakuja tu kwenye mafuta. Dizeli haina plagi za cheche, kwa hiyo haimo humu.

Kabla hujainua boneti, mambo machache ya usalama, na usiyaruke. Fanyia kazi nje, maana moshi wa injini unaua bila harufu ya kukuonya. Vuta breki ya mkono, zuia magurudumu. Umeme wa plagi unapita volti 20,000. Mwenye kifaa cha moyo kifuani asisogelee kabisa injini inayounguruma ikiwa imefunguliwa nyaya. Na injini inayolipua kupitia kabureta usiiwashe filta ya hewa ikiwa imetolewa huku umeinamia juu yake. Ule mwali unatoka kweli, na unachoma nyusi na uso. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mkono wako, si ndani ya nyumba.

Sikiliza inamisi vipi na inalipulia wapi

Kwenye injini hizi kila silinda huwaka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Slo ikiwa mizunguko 800 kwa dakika, kila silinda inatakiwa iwake mara 400. Silinda moja ikifa moja kwa moja, utasikia pengo linalorudi kwa mpangilio uleule, na injini inatikisika kwa mdundo usiobadilika. Hapo unatafuta kitu cha silinda moja: plagi yake, waya wake, valvu zake. Lakini kama inakosa ovyoovyo, mara imetulia, mara imeruka mbili mfululizo, basi tafuta kile ambacho silinda zote wanakitumia kwa pamoja: koili (inayotengeneza umeme mkubwa wa cheche), rota (mkono unaougawa ndani ya distributa), platini (swichi ndogo ya humo humo), mafuta yanayofika kidogo, au hewa inayoingia pasipotakiwa.

Nenda nyuma ya gari ushike karatasi karibu na mdomo wa eksozi. Injini nzima inaisukuma karatasi kwa pumzi zinazolingana. Silinda inayomisi inaleta pumzi iliyolegea. Karatasi ikivutwa kurudi kwenye bomba kwa vipindi, weka shaka kubwa kwenye valvu ya kutolea moshi iliyoungua.

Sasa mlipuko. Kuna wa mbele na wa nyuma, na ukichanganya hizi mbili utapoteza siku nzima.

Mlipuko wa nyuma, ule unaosikika kwenye sailensa, maana yake petroli mbichi imetoka silinda bila kuungua na imekutana na moto au hewa huko kwenye bomba. Mara nyingi mlipuko huu ni mtoto wa kumisi: silinda imekosa cheche, mafuta yake yamepita mazima, silinda inayofuata imetoa moshi wa moto na kuyawasha. Sababu nyingine ni taiming iliyochelewa, mafuta kuzidi hewa, au bomba la eksozi linalovuta hewa kwenye maungio.

Mlipuko wa mbele, ule unaopigia kwenye kabureta, maana yake moto umerudi kwenye njia ya kuingilia. Labda valvu ya kuingizia haifungi. Labda cheche imetokea valvu hiyo ikiwa bado wazi, kwa sababu nyaya zimepishana, kofia ya distributa ina ufa, au taiming imewahi mno. Au mchanganyiko una hewa nyingi na mafuta kidogo. Hili la mwisho wengi hawalielewi, kwa hiyo nalifafanua: mchanganyiko mkavu unaungua polepole. Moto wake unakuwa bado haujamalizika valvu ya kuingizia inapofunguka tena, na mchanganyiko mpya unaoingia unakutana na mwali na kulipuka kuelekea juu.

Andika pia inalipua wakati gani. Inalipua unapokanyaga ghafla tu? Ikipanda mlima na mzigo? Ukiachia mafuta kwenye mteremko? Ikiwa baridi, au baada ya kushika moto? Siku za mvua? Karatasi yenye majibu ya maswali hayo ina thamani kuliko boksi la plagi mpya. Anayeniletea gari akiwa na majibu hayo, nusu ya kazi ameshanifanyia.

Itafute silinda

Iache injini iungurume taratibu, kisha chomoa waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo yenye mpira mzuri. Ukichomoa waya wa silinda nzima, mlio unashuka na injini inalegea. Ukichomoa na pasibadilike kitu, umeipata silinda iliyokufa.

Usiuache waya uliouchomoa ukining'inia hewani, hasa kwenye gari lenye umeme wa distributa usiotumia platini. Umeme unaokosa pa kwenda huvunja koili au moduli (swichi ya kielektroniki inayoshika nafasi ya platini) kutoka ndani. Chomeka plagi ya ziada kwenye waya huo, uifunge kwenye chuma cha injini ili cheche ipate njia. Na usikawie: sekunde chache zinatosha, kwa sababu petroli mbichi ya silinda hiyo yote inaelekea kwenye eksozi, na kama gari lina katalisti (kisafisha moshi cha eksozi) inapata joto la kuiyeyusha.

Zikiwa zimekufa silinda mbili zinazopakana, simama hapo ufikirie. Aidha nyaya zake mbili zimebadilishana nafasi, au gasketi ya silinda hedi imekatika katikati yao.

Silinda ikishapatikana, hamisha vitu kabla ya kununua. Zima injini, toa plagi ya silinda mbovu uiweke kwa jirani, ya jirani iingie kwake. Washa. Kumisi kukihamia kwa jirani, plagi ndiyo mbovu. Kukibaki palepale, fanya hivyohivyo na waya kama urefu unaruhusu. Kukibaki tena palepale, umeshaondoa washukiwa wawili bila kutumia hata senti.

Plagi na kompresheni

Zitoe plagi zote sasa, uzipange mezani kwa namba za silinda. Rangi ya kahawia iliyofifia au kijivu ni afya. Masizi meusi makavu ni mafuta mengi, au choki (kibati cha kupunguza hewa wakati wa kuwasha injini baridi) isiyofunguka, au cheche dhaifu. Nyeusi yenye unyevu wa oili ni ringi au sili za valvu. Iliyolowa petroli tu, safi, haijawaka kabisa. Nyeupe kama chaki ni hewa nyingi au joto kupita kiasi. Cha kutazama zaidi ni tofauti kati yao. Zikiwa zote nyeusi, tatizo ni la wote. Moja ikiwa nyeupe kati ya tatu za kahawia, karibu na silinda hiyo kuna hewa inaingia kwa wizi. Tazama pia kaure nyeupe ya plagi chini ya mwanga mkali. Mstari mwembamba mweusi unaotelemka kwa nje ni njia ambayo cheche imekuwa ikitorokea.

Nafasi ya plagi ipime kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia), hata zikiwa mpya kutoka boksi. Milimita 0.7 hadi 0.8 ni kawaida kwa injini za platini. Nyingi kati ya zile zenye moduli zinakwenda hadi 1.0 au 1.1. Fuata namba ya gari lako.

Na kwa kuwa plagi ziko nje tayari, pima kompresheni. Hapa ndipo ninapokuwa mkali na wanafunzi wangu. Hakuna koili, kabureta wala taiming itakayoiponya silinda isiyobana hewa, na kipimo chenyewe hakimalizi hata nusu saa. Injini iwe bado moto; ikiwa imepoa, rudisha plagi uipashe kwanza. Plagi zote ziwe nje, siyo moja moja. Kata umeme wa koili ili cheche isiruke palipo na mvuke wa petroli. Msaidizi akanyage akselereta hadi mwisho, choki iwe wazi, apige stata mpaka sindano ya geji iruke mara tano au sita. Andika namba, nenda silinda inayofuata, idadi ya miruko iwe ileile.

Injini nyingi za aina hii zikiwa nzima zinasoma kati ya psi (pauni kwa inchi ya mraba) 120 na 180. Mfano ninaoufahamu vizuri ni 22R ya Toyota, ya silinda nne, iliyobeba pikapu nyingi za miaka ya 1980: kitabu chake kinasema psi 171 ikiwa nzuri, isishuke chini ya 142, na silinda zisipishane zaidi ya 14. Kama huna kitabu, angalia kwamba silinda ya chini kabisa haipungui robo tatu ya ile ya juu kabisa. Kulingana ni muhimu kuliko ukubwa wa namba. Injini iliyochoka yenye 125 kote inaunguruma vizuri. Yenye 165, 160, 90, 165 itamisi mpaka mwisho wa dunia.

Silinda yenye namba ya chini itie kijiko kikubwa cha oili ya injini kupitia tundu la plagi, upime tena. Namba ikipanda sana, ringi zimeisha. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi.

Hapo usikimbilie kuvua hedi. Fungua kifuniko cha valvu upime tapeti, yaani nafasi kati ya valvu na mkono unaoisukuma. Kadiri valvu inavyojichimbia kwenye kiti chake, nafasi ya tapeti inapungua, mpaka siku moja valvu haikalii tena kiti chake na inabaki wazi kwa upana wa unywele. Haitoi kelele yoyote. Wengi wanaogopa tapeti zinazogonga, lakini tapeti inayogonga walau inafunga. Iliyobana kimya ndiyo inayoungua. Kwenye 22R nafasi ni milimita 0.20 kuingiza na 0.30 kutolea, injini ikiwa moto.

Niliwahi kuletewa pikapu ya silinda nne iliyokuwa ikipiga kwenye kabureta kila ikipanda kilima na mzigo. Mwenyewe alikuwa ameshanunua plagi, nyaya, kofia ya distributa na kabureta nzima mpya. Silinda ya tatu ilikuwa na psi 80 wakati wenzake wako 155, oili haikuibadilisha, na fila geji nyembamba kuliko zote haikupita kwenye tapeti ya kuingizia. Nilipoilegeza na kuiweka sawa, kompresheni ilipanda hadi 140 palepale, na baada ya kuendeshwa kwa muda ikawakaribia wenzake. Valvu ilikuwa haijaungua bado, ilikuwa haifungi tu. Ile kabureta ya zamani haikuwa na kosa lolote, na nilimshauri airudishe kwa sababu ilikuwa ndiyo ya asili ya injini ile.

Umeme wa plagi

Kompresheni ikiwa sawa, sasa njoo kwenye moto. Subiri giza liingie, fungua boneti, washa injini, zima taa zote. Waya uliochoka utauona wenyewe: cheche za buluu zinaruka kutoka kwenye mpira kwenda kwenye chuma, au mwanga hafifu umezunguka kofia ya distributa. Usipoona kitu, nyunyizia nyaya ukungu mwembamba wa maji kwa chupa ya dawa. Injini ikianza kuruka, umepata sababu ya kumisi siku za mvua. Tumia ukungu tu, usimwage maji.

Kofia ya distributa itoe uigeuze. Ndani tafuta mstari mwembamba kama ulioandikwa kwa penseli kati ya nguzo moja na nyingine. Huo ni njia ya makaa ambayo cheche imejichongea, na unaipeleka kwenye silinda isiyo na zamu, jambo linaloleta mlipuko wa mbele hasa. Usiukwangue kwa kisu, badilisha kofia. Angalia pia kama kale kakipande ka kaboni ka katikati bado kapo na kanarudi kwa springi. Rota nayo igeuze utazame chini yake. Huwa inatoboka pale inapokalia shafti.

Nyaya zipime kwa mita. Nyaya za kaboni kwa kawaida zinasoma maelfu ya omu, na wa 22R usizidi omu 25,000. Mmoja akiwa mbali sana na wenzake, au mita isiposoma kabisa, huyo ndiye. Upinde pinde wakati unapima, maana nyaya nyingine zinakatika kwa ndani zikipindwa tu.

Kisha hakikisha mpangilio wa kuwaka, na uufuate kwa kidole kutoka kwenye kofia hadi kwenye plagi hata kama unaamini hakuna aliyegusa. Silinda nne nyingi ni 1-3-4-2. Silinda sita za mstari ni 1-5-3-6-2-4. V8 ndogo za Chevrolet ni 1-8-4-3-6-5-7-2, na hapo kuna mtego wake: silinda ya 5 na ya 7 zinapakana na zinawaka moja baada ya nyingine, kwa hiyo nyaya zao zikilala bega kwa bega umeme wa 5 unaweza kuamsha cheche kwenye 7 kabla ya wakati. Zitenganishe, au zipishe msalaba. Mwelekeo wa rota pia si uleule kwa injini zote, uthibitishe kwa kupiga stata kofia ikiwa wazi.

Gari la platini linataka uangalifu zaidi, na binafsi napenda kazi yake kwa sababu kila kitu kinaonekana kwa macho. Nafasi iwe kati ya milimita 0.4 na 0.5 kwa injini nyingi. Zikiwa zimeungua na kuchimbika, na ukiona cheche kubwa ya njano ikiruka kati yake injini ikiunguruma, kondensa (kikopo kinachozuia cheche hiyo kwenye platini) imekufa. Cheche ya plagi inakuwa dhaifu na mlipuko wa nyuma unafuata. Shika shafti ya distributa uitikise kushoto na kulia. Ikicheza, bushi zimeisha, na nafasi ya platini inabadilika kwa kila silinda. Utapanga vizuri asubuhi na jioni inamisi.

Halafu kuna kale kawaya kembamba kalikomo ndani ya distributa, kanakounganisha platini au kihisi chake na nje. Kanapindwa kila sahani ya vakyumu (inayovutwa na mvuto wa hewa wa injini ili kuwahisha cheche) inapozunguka, kwa miaka na miaka, mpaka nyuzi za shaba zinakatika ndani ya mpira ambao kwa nje unaonekana mzima. Dalili yake inawachanganya sana watu: slo nzuri, mwendo mkubwa mzuri, lakini ukikanyaga kidogo tu inaruka na kulipua nyuma. Chomoa bomba la vakyumu kwenye distributa, uzibe mdomo wake, ujaribu gari. Kuruka kukiisha, vuta kawaya hako taratibu. Kakirefuka kama mpira, kamekatika.

Inayomisi ikishika moto tu na kupona ikipoa, elekeza macho kwa koili na moduli. Koili nyingi zina omu chache au chini ya moja upande wa kuingilia, na omu elfu kadhaa upande wa kutolea, lakini ipime ikiwa bado moto, ndiyo shida inaonekana. Na usisahau waya wa hasi kati ya injini na bodi. Ukiwa umeoza, kila kipimo kitakudanganya.

Taiming

Safisha alama za puli, uzipake chokaa au rangi nyeupe, chomoa bomba la vakyumu na kuliziba, unganisha taa ya taiming kwenye waya namba moja. Digrii zinazotakiwa ziko kwenye kibandiko chini ya boneti au kwenye kitabu. Ikiwa imechelewa, injini inapata joto, haina nguvu, na inalipua nyuma. Ikiwa imewahi mno, inagonga kwenye mzigo, inarudisha stata nyuma wakati wa kuwaka, na inapiga mbele.

Alama ikitulia mahali pamoja, vizuri. Ikirukaruka, ni bushi za distributa au mnyororo wa taiming uliolegea. Mnyororo unaupima hivi: injini imezimwa, kofia ya distributa imetolewa, shika boliti ya puli kwa spana uzungushe krenki upande mmoja hadi rota itembee. Sasa rudisha taratibu upande wa pili, uhesabu digrii ngapi zinapita rota ikiwa imesimama. Zikizidi kama 10, mnyororo umechoka, na taiming yoyote utakayoweka ni ya muda.

Kuna ujanja mmoja wa puli. Puli nyingi zina ringi ya nje iliyogandishwa kwa mpira, na mpira ukizeeka ringi inateleza na kubeba alama pamoja nayo. Unaweka taiming sawasawa na alama, kumbe alama imehama. Kama injini inaonyesha namba sahihi lakini haina nguvu, tia bisibisi ndefu ya plastiki au kijiti kwenye tundu la plagi namba moja, zungusha kwa spana, utazame kama pistoni inafika juu kabisa alama ikiwa sifuri.

Kanyaga mafuta taratibu huku taa ikimulika. Alama lazima isogee kwenda kuwahi. Isiposogea, vile vizito vya ndani ya distributa vimeshika kutu. Kisha rudisha bomba la vakyumu ulivute kwa mdomo: sahani isogee na ibaki pale, kama haibaki ngozi yake imepasuka.

Hewa

Hewa inayoingia baada ya kabureta inakausha mchanganyiko. Slo inakuwa mbaya, inapiga mbele ukikanyaga, na mara nyingi ukiongeza mwendo inaonekana kupona. Kagua bomba la breki la nguvu, mabomba yote madogo, gasketi ya chini ya kabureta, gasketi ya manifoldi ya kuingizia. Nyunyizia maji kidogokidogo kwenye maungio injini ikiunguruma. Mlio ukibadilika, umepafika. Wapo wanaotumia petroli au dawa ya kusafishia kabureta. Kwenye injini inayolipua, juu ya manifoldi iliyo moto, mimi siruhusu.

Geji ya vakyumu ni rafiki mkubwa hapa. Karibu na usawa wa bahari injini nzima kwenye slo inasoma inchi 17 hadi 22 za zebaki, imetulia. Ondoa kama inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Ikiwa chini lakini imetulia, ni taiming iliyochelewa au hewa inavuja. Sindano ikidondoka kwa vipindi vinavyolingana, valvu moja haifungi. Ikitulia vizuri kisha ikashuka polepole unaposhikilia mizunguko 2,500, eksozi imeziba.

Valvu ya EGR, ile inayorudisha moshi kidogo ndani ya injini, ikikwama wazi inaingiza moshi kwenye slo na kuleta kumisi kunakofanana kabisa na hewa. Ipige kwa mpini wa bisibisi, au iondoe utazame kama kaboni imeizuia kufunga.

Mafuta, na sasa kabureta

Anza mbali na kabureta. Legeza kifuniko cha tenki. Gari likipona kwa kilomita kadhaa, pumzi ya kifuniko imeziba. Badilisha filta ya mafuta. Mimina petroli ya chini ya tenki kwenye chupa ya kioo uiache itulie, maji yatajitenga chini. Pampu ya mitambo inatakiwa itoe psi 3 hadi 6 hivi.

Inayolipua mbele unapokanyaga ghafla, halafu inakwenda vizuri, ni pampu ya akselereta ya kabureta. Zima injini, tazama ndani ya koo la kabureta, kanyaga: mafuta yaruke mara moja kwa mkondo imara. Yakitiririka au yakichelewa, kikombe cha mpira kimekauka. Inayolipua ikivutishwa mzigo muda mrefu, na plagi zimekuwa nyeupe, ni jeti kuu au kimo cha floti (boya la ndani ya kabureta). Plagi zote nyeusi na moshi mweusi, angalia choki na sindano ya floti. Ukifika hapa, ndipo kabureta inastahili kufunguliwa, na utaifungua ukijua unatafuta nini ndani yake.

Imebaki ile inayolipua nyuma ukiachia mafuta kwenye mteremko. Kama haimisi popote pengine, ziba mdomo wa eksozi kwa kitambaa kinene sekunde moja mbili usikilize mlio wa hewa inayovuja kwenye maungio na kwenye gasketi ya manifoldi ya kutolea. Hewa inayoingia hapo ndiyo inayowasha mabaki. Na mtu asizime swichi gari likiwa linateremka kwenye gia kisha akawasha tena. Bomba linajaa petroli mbichi na sailensa inapasuka.

Ukimaliza matengenezo, weka plagi safi, pakia gari mzigo, liendeshe mpaka lishike moto vizuri, kisha uzitoe tena uzisome. Chomoa na kijiti cha oili unuse. Gari lililomisi kwa majuma limeosha kuta za silinda kwa petroli, na petroli hiyo imeshuka kwenye oili. Kama kijiti kinanuka petroli au oili imekuwa nyepesi, imwage pamoja na filta yake kabla hujaanza safari ndefu, kwa sababu beringi za krenki hazistahimili oili ya namna hiyo.